Wasifu wa Ramkali, Msukuma Puri

Mashine iliingia mjini Damoh mvua zikiwa zimepamba moto, imefungwa magunia juu ya lori, na kabla haijashushwa wanawake kumi na nne walikwisha kuipa jina: Mke Mdogo. Sababu yenyewe ilikuwa mbele ya macho yao. Gaya Prasad, mpishi wa harusi, aliizunguka akiipangusa matope kwa kitambaa cha begani mwake, akitabasamu kwa namna ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kutabasamiwa.

"Puri elfu moja kwa saa," alisema. "Haina mimba, haina mafua, haifiwi na shangazi kila msimu."

"Wala haina masikio," mmoja wao, Bitti, alimjibu. "Sasa utamtukana nani?"

Wenzake wakacheka. Ramkali Kushwaha hakucheka. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wale wasukuma puri, vichapati vya kukaangwa vya harusini: ndiye aliyewakusanya, ndiye aliyepima unga, ndiye aliyekaa mbele kabisa karibu na karai la mafuta na kuwapigia kelele wanaosukuma nene. Aliitazama ile mashine mdomoni, inapotiwa donge, na matakoni, inapotokea puri, akahesabu mikono inayohitajika.

"Utabaki na wangapi?"

"Wanne," Gaya Prasad alisema. "Wenye migongo."

Ramkali alikuwa na miaka arobaini na sita, na habari za mgongo wake wote wawili walizijua. Hapakuwa na la kujadili.

Miezi minne ya mvua miungu hulala na hakuna anayeoa, kwa hiyo msukuma puri hula alichokiweka. Hilo Ramkali alilizoea. Safari hii hesabu ilikuwa nyingine: miungu ingeamka, harusi zingeanza, na yeye angebaki amekaa. Nyumbani alikuwapo mumewe Halke, mtu mwema, fundi baiskeli katika mji uliokwisha kuhamia kwenye pikipiki.

Ndipo Bitti akaja na habari ya tangazo. Lilikuwa limebandikwa kwenye geti la Bweni la Wasichana la Shantidhara, linaloendeshwa na wafanyabiashara wa Kijaini, dini isiyoruhusu kuua hata mdudu. Anatakiwa msimamizi wa jiko. Mwanamke. Kazi ya mwaka mzima. Alete wasifu wake na picha moja kabla ya Jumatatu, saa kumi na moja jioni.

"Wasifu ndio nini hasa?" Bitti aliuliza. "Sifa zako? Mimi nitakusifu. Nitasimama getini nipige kelele."

"Ni karatasi. Anayo Dablu."

Dablu alikuwa na duka la kompyuta na fotokopi ng'ambo ya mahakama, kipande cha duka kisichozidi upana wa kitanda, na kila karatasi iliyohitajiwa na mtu wa mtaa ule ilitoka kwake. Ramkali alimkuta simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, vidole vyote kumi vikikimbia.

"Nataka wasifu," alisema.

"Wa nani, mama mdogo?"

"Wangu."

Dablu akamtazama mara moja, akarudi kwenye simu yake, akafungua jalada. Alikuwa na majalada mawili tu kwenye mashine ile, la wanaume na la wanawake. Akafungua la wanawake.

"Urefu?"

"Sijapimwa tangu niolewe. Andika futi tano na kidogo."

"Rangi naiona. Ya ngano. Baba alikuwa anafanya kazi gani? Wajomba zako ni wa kijiji gani?"

"Wajomba zangu wanahusu nini? Jiko ni la bweni."

"Ndivyo wasifu unavyoandikwa, mama mdogo. Naandika kumi kwa siku. Kupika unajua?"

"Unaniuliza mimi kama najua kupika?"

"Basi, anajua kupika," Dablu alisema, akagonga.

Karatasi ilitoka ikiwa na nakshi pembeni, na juu kabisa Ganesh mdogo, mungu mwenye kichwa cha tembo, ameketi. Ilikuwa ya Kiingereza kuanzia chini ya miguu ya Ganesh mpaka mwisho. Ramkali alikuwa amesoma hadi darasa la tano, kwa Kihindi. Akauliza imeandikwa nini.

"Mambo mazuri matupu," Dablu alisema. "Ofisi hazisomi Kihindi. Picha ibandike hapa."

Picha aliyokuwa nayo ilipigwa kwenye harusi ya mpwa wake. Amevaa sari nyekundu, na sehemu ya bega la shemeji yake imekatwa kwa mkasi. Akaibandika. Akatia saini alipooneshwa. Karatasi ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe.

Jumatatu saa sita mchana alifika bwenini. Kwenye baraza palikuwa na wanawake wengine watano, kila mmoja na bahasha yake, na karani aliyeitwa kwa heshima Tiwari-ji, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Alipokea karatasi moja moja, akaipitia, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye trei. Ya Ramkali aliishika muda mrefu zaidi. Akabadilisha miwani.

"Dada," alisema, "unatafuta kazi au unatafuta bwana?"

Baraza zima likageuka.

"Natafuta kazi, Tiwari-ji."

"Maana hapa imeandikwa," na akaanza kutafsiri kwa sauti ya mahakamani, "'Kwa baraka za Bwana Ganesh. Jina, Ramkali. Urefu, futi tano na kidogo. Rangi, ya ngano. Tabia, mpole, mtu wa nyumbani, anaheshimu wakubwa. Nyota yake haina mkosi. Wajomba ni wa Patera.' Halafu hapa chini: 'Familia inatafuta kijana mwenye kazi ya serikali, asiyekunywa pombe.'"

Mwanamke mmoja aliyebeba bahasha ya plastiki aliinamisha uso kwenye upindo wa sari na mabega yakaanza kutikisika. Mwingine hakujisumbua kuinama.

"Hapo kwenye 'mpole' ndipo alipokosea zaidi," Ramkali alisema. Akanyoosha mkono. "Nirudishie."

Tiwari-ji hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoshwa tu na kusoma. Akamrudishia. "Dirisha nafunga saa kumi na moja. Saa kumi na moja na dakika moja simjui mtu. Na dada, nisikilize: hizi nyingine zote nilizonazo humu," akaipiga ile trei kwa kidole, "zinafanana kama mapacha. Hilo nakwambia bure."

Ramkali alimpitia Bitti nyumbani njiani, kwa sababu kuna ugomvi unaohitaji watu wawili. Dukani kwa Dablu, Bitti ndiye aliyeanza.

"Wewe mtoto wa Ramsevak! Umemtafutia dada yangu mume wakati Halke bado anapumua?"

Dablu aliisoma karatasi yake mwenyewe kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Uso ukambadilika. "Mama mdogo, nisamehe. Wanaume huja hapa kwa kazi. Wanawake huletwa na baba zao, kwa... mambo hayo. Jalada la wanawake ndilo hilo hilo moja."

"Basi fungua la wanaume."

Akafungua. Akalisoma kwa Kihindi, maana sasa Bitti alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na hakuthubutu kufanya vingine. Lilianza hivi: "Lengo langu ni kufanya kazi katika taasisi yenye changamoto ambapo vipaji vyangu vitakua pamoja na taasisi." Kisha: najua kompyuta. Kisha: nazungumza Kiingereza vizuri. Starehe zangu: kusoma magazeti na kucheza kriketi.

"Kriketi," Ramkali alisema.

"Kila mtu huandika kriketi, mama mdogo."

"Hata yule msichana wa mtaani aliyepata kazi benki?"

"Hata yeye. Alikuja kaka yake."

Basi mapacha wa Tiwari-ji walikuwa wamezaliwa hapa. Ramkali akavuta stuli akaketi. Saa ya ukutani ilisema saa saba na robo.

"Futa yote," alisema. "Uache karatasi tupu. Sasa niambie mkubwa wa ofisi anataka kujua nini. Usiniambie kinachoandikwa. Niambie anachotaka kujua."

Swali hilo Dablu hakuwahi kuulizwa. Alikuna shingo. "Jina na anwani, wakupate. Masomo. Kazi ulizofanya, wapi, miaka mingapi. Watu wawili wa kukudhamini, wawapigie simu. Mwisho kiapo kwamba yote ni kweli, na saini. Na barua ya mwajiri wako wa zamani, hiyo ndiyo yenye nguvu."

Ramkali akampigia simu Gaya Prasad. Alikuwa kwenye kelele. Bila shaka yuko na Mke Mdogo.

"Barua?" Gaya Prasad alisema. "Barua ya nini? Nimwandikie barua msukuma puri, kesho mwosha vyombo naye aje, keshokutwa punda wa kubeba kuni?"

"Miaka kumi na tisa, Maharaj," Ramkali alisema, kwa jina la heshima la wapishi.

"Na nani alikuzuia kuondoka? Tena usilisahau la Garhakota. Wakinipigia, hilo nitawaambia."

Akakata simu. Bitti akasema neno ambalo halitaandikwa hapa.

"Acha," Ramkali alisema. Aliitazama mvua ikipiga turubai la muuza chai. Kisha akamgeukia Dablu. "Andika kwa Kihindi. Nitakachotia saini lazima nikisome."

Kazi ilichukua saa tatu, maana Ramkali alikuwa hajawahi kuyasema mambo hayo kwa mpangilio, na Bitti alikuwa akiyapinga.

"Harusi ngapi kwa mwaka?" Dablu aliuliza.

"Arobaini."

"Hamsini," Bitti alisema. "Mwaka wa Hatta tulifika sitini na mbili, nakumbuka, mikono ilivimba ikawa kama mikate."

"Andika arobaini hadi sitini."

"Na watu wangapi?"

Hapo Ramkali hakusita. Aliikumbuka kila harusi kwa unga wake kama wengine wanavyoikumbuka kwa bibi harusi. Patera, watu mia nne, kilo hamsini na tano. Hatta, elfu mbili na mia mbili, magunia sita na nusu, jua kali la mwezi wa tano. Kwa Wajaini wa mtaa wa hekalu, watu mia tatu, hakuna kitunguu, hakuna kiazi wala kitu chochote kilichochimbwa ardhini, na sahani ya mwisho imeondolewa kabla jua halijazama.

"Hayo nayo yaandikwe?" Dablu aliuliza.

"Bweni ni la nani?"

Dablu akaandika. Baada ya muda akaacha kuuliza kama yaandikwe. Mteja mmoja akaja na kitambulisho cha kutoa fotokopi, Bitti akamwambia aende zake arudi kesho, na Dablu, mwenye duka, akaendelea kugonga.

Wadhamini walipatikana kwa simu ya Bitti. Wa kwanza alikuwa mama wa bibi harusi wa Hatta, mke wa mwenye kinu cha mafuta. "Yule mwanamke wa karai?" alisema. "Shemeji zangu mpaka leo wanazitaja zile puri, mimi mwenyewe hawanitaji. Mpeni namba yangu." Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa hekalu, aliyetaka kwanza kusomewa kitakachoandikwa juu yake, akasahihisha jina la baba yake, akakubali.

Tatizo likawa Garhakota.

"Hilo usiliguse," Dablu alisema. "Mama mdogo, kwenye wasifu hakuna aliyewahi kuandika kosa lake. Hakuna hata sehemu yake."

"Gaya Prasad atawaambia."

"Huenda wasimpigie."

"Damoh hii? Watampigia kabla chai haijapoa." Ramkali aliongea taratibu, kama anayepima chumvi. "Akilisema yeye, litakuwa la kwake, atalitia viungo apendavyo. Nikilisema mimi, litakuwa na ukubwa wake halisi. Andika."

Akaandika. Kisha, kwa mazoea au kwa wema, Dablu akaongeza mstari mmoja chini ya masomo: anazungumza Kiingereza kidogo. Ramkali alikuwa akifuata kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Kidole kikasimama.

"Kiingereza kipi?"

"'Thenki yuu' unajua."

"Chini hapa kuna kiapo, au hakuna?"

Mstari ukafutwa. Karatasi iliyotoka haikuwa na nakshi wala Ganesh. Ramkali alimwomba Ganesh radhi moyoni akaendelea. Ilisomeka hivi:

"Naitwa Ramkali Kushwaha, mke wa Halke Kushwaha fundi baiskeli, wa mtaa wa Thana Kuukuu, Damoh. Nimesoma hadi darasa la tano. Kihindi nasoma na kuandika. Kiingereza sijui.

Kwa miaka kumi na tisa nimesimamia wanawake kumi na nne wanaosukuma puri kwenye harusi, arobaini hadi sitini kwa mwaka. Harusi ndogo ilikuwa ya watu mia na hamsini, kubwa ya watu elfu mbili na mia mbili. Unga, mafuta na kuni napima mwenyewe. Kilo moja ya unga hutoa puri arobaini na tano. Mgeni wa upande wa bibi harusi hula tano, wa upande wa bwana harusi hula saba. Kinachobaki hakizidi kapu moja.

Najua jiko la Kijaini: lisiloliwa, saa ya kula, maji ya kuchuja, na kwamba miezi ya mvua mboga za majani hazipikwi. Najua chakula cha siku za kufunga.

Katika wanawake wangu, miaka kumi na tisa, walioungua mafuta ni wawili, na mmoja wao ni mimi.

Mara moja, Garhakota, puri zilipungua. Wageni mia na ishirini walisubiri nusu saa. Nilikuwa nimeambiwa watu mia tano, wakaja mia saba, lakini kuhesabu viti ilikuwa kazi yangu na sikuvihesabu. Tangu siku hiyo nahesabu viti kabla ya kukanda."

Kisha wadhamini wawili na namba zao, kiapo, mahali, tarehe, saini. Picha ya sari nyekundu ilibanduliwa kwenye karatasi ya kwanza pamoja na ngozi ya karatasi yenyewe, ikabandikwa upya.

Tiwari-ji aliigonga muhuri saa kumi na dakika arobaini. Aliisoma mpaka chini. Akaiweka juu ya trei, peke yake, imegeuzwa upande.

Waliitwa watatu, Alhamisi mchana. Wa kwanza alikuwa msichana mwenye diploma ya hoteli kutoka Jabalpur, viatu vya kisigino, alikaa ndani nusu saa. Wa pili ni yule wa bahasha ya plastiki, hakukawia. Ramkali aliingia wa tatu, akavua kandambili mlangoni.

Mezani walikuwapo watatu. Daktari Nirupama Khare, mkuu wa bweni, mwanamke mkavu mwenye nywele fupi. Tiwari-ji pembeni na daftari. Na Singhai-ji, mjumbe wa wafanyabiashara, mzee mnene mwenye kofia nyeupe, muuza nafaka ambaye watu walimwita Seth-ji, yaani tajiri, aliyekuwa ameishika karatasi ya Ramkali mbali na macho yake kama ankara asiyoiamini.

"Mtu yeyote anaweza kuandika namba," Singhai-ji alisema. Alikuwa akimwambia Daktari Khare, ila alitaka isikike. "Wasichana mia na ishirini. Leo ni siku ya kufunga, ishirini hawali nafaka. Thelathini na watano ni wa kwetu, wanakula kabla ya magharibi. Chapati za jioni. Unga kiasi gani, bibie?"

"Chapati nne kila mmoja, Seth-ji?"

"Nne."

"Kilo moja hutoa chapati thelathini. Kilo kumi na tatu na robo hivi. Nitatoa kumi na tano."

"Kwa nini kumi na tano? Mali ya nani hiyo?"

"Kwa sababu msichana wa miaka kumi na saba aliyefunga hufunga mpaka anuse chapati. Kumi, kumi na wawili watabadili nia. Na kundi la kwanza nakanda saa kumi, la pili saa kumi na mbili, kwa hiyo unga wa pili unaweza kupunguzwa nikishajua waliobadili nia ni wangapi."

Daktari Khare aliangalia dirishani. Pembe ya mdomo wake ilisogea kidogo, ikarudi.

"Tumempigia simu Gaya Prasad," Singhai-ji alisema.

"Najua, Seth-ji."

"Anasema ulimwaibisha Garhakota. Wageni mia mbili, anasema, walikaa na njaa mpaka asubuhi."

"Imeandikwa hapo."

"Hapo imeandikwa mia na ishirini, nusu saa."

"Wewe ni mfanyabiashara, Seth-ji. Wageni mia mbili wa harusi wakae na njaa mpaka asubuhi, halafu mpishi aendelee kupata harusi miaka saba baadaye? Garhakota wangemtia yeye kwenye karai."

Tiwari-ji alikohoa kwenye daftari. Singhai-ji aliisoma tena ile sehemu, midomo ikicheza, kisha akaiweka karatasi mezani. Kwa mara ya kwanza akamtazama Ramkali na si karatasi.

"Diploma huna," alisema.

"Sina."

"Yule wa Jabalpur anayo."

"Anayo," Daktari Khare alisema. "Nilimuuliza miezi ya mvua tusipike nini. Akasema ataangalia kwenye simu."

Walimtoa nje. Alikaa kwenye baraza, akasikia sauti ya Singhai-ji ikipanda, ya Daktari Khare ikibaki palepale. Hakuomba dua yoyote. Alihesabu vigae vya baraza, kumi na moja kwa ishirini na sita, viwili vimevunjika. Walipomwita tena, aliyesema ni Daktari Khare.

"Tutakupa miezi mitatu ya majaribio, Ramkali-ji. Baada ya hapo tutaamua."

Mtu mwingine angegusa miguu ya wakubwa na kutoka kinyumenyume kabla hawajabadili mawazo. Ramkali alihesabu kwanza. Miezi mitatu ilimfikisha kwenye wiki ileile miungu inapoamka. Mkiniacha siku hiyo, alifikiri, zile nafasi nne za Mke Mdogo zitakuwa na watu, hata ya kulisha madonge sitaipata.

"Miezi miwili, dada mkuu," alisema.

"Unasemaje?"

"Kama sifai, miezi miwili inatosha kuniona. Chakula ni mara tatu kwa siku, hiyo ni mara mia na themanini. Asiyejulikana kwa sahani mia na themanini hatajulikana tena. Mkiniacha baada ya miwili, nina mwezi wa kutafuta harusi. Mkiniacha baada ya mitatu, mmenimaliza."

Singhai-ji akacheka, kicheko kifupi cha dukani, cha mtu aliyekutana na mtu wa bei. "Mpe miwili," alimwambia Daktari Khare. "Huyu angeuza nafaka."

"Na iandikwe," Ramkali alisema.

"Itaandikwa," Tiwari-ji alisema. "Utaanza tarehe moja."

"Sasa hivi ni saa tisa na nusu. Nani anakanda leo?"

Wakatazamana. Mpishi wa zamani alikuwa ameondoka wiki mbili zilizopita na wasichana walikuwa wakilishwa wali na dengu na mlinzi wa geti. Daktari Khare akampa Ramkali funguo, na Tiwari-ji akamwongoza.

Jiko lilikuwa kubwa na chafu kwa kadiri ya kutegemewa. Ramkali alifungua pipa la unga, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya unga, akautandaza kwenye sinia karibu na dirisha. Akangoja. Unga ukaanza kutembea.

"Tiwari-ji, njoo uone."

Tiwari-ji akashusha miwani ya pili. "Wadudu."

"Mvua hizi, unga wa wiki tatu. Utaniambia nimpikie msichana wa Kijaini huu, asiyekunywa hata maji yasiyochujwa kwa kuogopa kuua kiumbe?" Alifunika pipa. "Gunia zima lirudi lilikotoka. Duka la nani?"

Tiwari-ji alivua miwani yote miwili, akaifuta.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "muuza unga wetu ni Singhai-ji mwenyewe."

Mvua ilikuwa imekatika na kutoka ukumbini sauti ya mzee ilisikika akiaga. Ramkali alilitazama lile sinia, wadudu wakielekea ukingoni kwa mstari, kama wageni wa upande wa bwana harusi.

"Basi bado hajapanda gari," alisema. "Mpelekee hili sinia kwanza, alione kwa macho yake. Mwambie kwa heshima zote kwamba msimamizi wa jiko ameurudisha, na anahitaji kilo kumi na tano za unga wa leo kabla ya saa kumi."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Anza na 'kwa heshima zote'."

Tiwari-ji alilibeba sinia kwa mikono miwili mpaka mlangoni, akasita, akaendelea. Ramkali aliosha mikono, akafunga upindo wa sari kiunoni, akatafuta chekecheo. Akakipata, akakipangusa mara mbili. Halafu mlango wa gari ukafungwa.

Gunia lilikuja saa kumi kasoro dakika tano, mgongoni mwa mpagazi, bila ujumbe wowote. Akalifungua, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Lilikuwa safi. Akaenda bwaloni kuhesabu viti, kisha akarudi kukanda.